Ukialikwa kwa Kiingereza, jibu kabla meza haijapangwa

Ujumbe unaingia kwenye simu siku ya tatu magaribi: "We're having a few people over on Saturday, would you like to join us?" Aliyeupokea ni Mkongomani. Anafanya kazi na watu wa Nairobi, ama anakaa Kampala, ama alifika Marekani miezi sita iliyopita. Anausoma mara mbili na anaelewa karibu kila neno: jirani anapokea watu nyumbani siku ya posho, naye anaalikwa. Anajibu "Thank you", anarudisha simu mfukoni, na siku ya posho ikifika haendi.

Kwake yeye, amejibu kwa heshima. Jirani naye amehesabu sahani moja zaidi. Mambo hayo yakijirudia mara mbili, hakuna atakayemgombeza na hakuna atakayemuuliza sababu. Wataacha tu kumwalika. Na katika inchi ya wengine, kutoalikwa ni hasara kubwa, maana habari ya kazi, ya nyumba ya kupangisha kwa bei nzuri, ya shule inayopokea watoto bila maneno mengi, zote hupita kwenye meza za namna hiyo kabla ya kuandikwa mahali popote.

Jambo hili linagusa watu wengi wa kwetu. Uganda peke yake inahifadhi wakimbizi wa Kongo zaidi ya nusu milioni. Kati ya mwezi wa kumi 2015 na mwezi wa tisa 2016, Marekani ilipokea Wakongomani zaidi ya 16 000, kundi kubwa kupita yale ya inchi zingine zote mwaka ule. Mwezi wa ine 2022, RDC ilitia sahihi mkataba wa kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na wafanyabiashara wa Butembo, Bunia na Uvira wakazidi kukutana na watu ambao barua zao ni za Kiingereza. Tena tangu vita vilipofika Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, jamaa nyingi zilivuka mipaka zikiwa na Kifaransa cha shule na Kiswahili cha nyumbani.

Kiingereza tulichofundishwa katika sekondari kilikuwa cha "go, went, gone". Tulikariri verbe zote zisizofuata kanuni, na wengine wetu bado tunaweza kuzitaja hata usingizini. Hakuna mwalimu aliyetufundisha namna ya kukataa bia ya mtu bila kumuumiza.

Tuanze na namna ya kualika. "Do you like fish?" ni kuuliza kama unapenda samaki maishani mwako. "Would you like some fish?" ni kukupatia samaki sasa hivi. Ndiyo maana mwaliko wa kawaida unaanza na "Would you like to", na yule anayeandika "Do you like to come to my house?" anaeleweka, lakini sentensi yake inasikika kama mtu anachunguza tabia. Kwa rafiki wa kila siku wanasema "Do you want to" na hakuna ubaya. Kwa mtu unayemheshimu, ama usiyemjua sana, wanazunguka kidogo: "I was wondering if you'd like to have lunch with us on Friday." Anayesema hivyo hana mashaka. Anakuachia tu nafasi ya kukataa bila haya, kama vile kwetu mzee anavyotumwa mbele kabla ya jamaa kwenda kuposa.

"I want you to come" iache kwa watoto wako. Lakini usishangae mwanamke Mwingereza akikuambia "You must come for dinner!" Hakuamuru. Ni neno la uchangamfu, na mara nyingi bado si mwaliko.

Hapo ndipo wengi wetu tunaumia. "We should get together sometime." "Let's have coffee one of these days." Mtu wa kwetu anasikia ahadi. Anarudi nyumbani, anamwambia mke wake kwamba shefu anataka wakutane, anangoja juma moja, mawili, mwezi. Hakuna simu. Anaanza kusema kwamba wazungu ni wanafiki. Mimi sioni unafiki hapo. Sisi pia tukiwa tunakula, mtu akipita mlangoni, tunamwambia "Karibu chakula!", na anayepita anajua kujibu "Aksanti, nimetoka kula sasa hivi", hata kama tumbo lake linalia. Waghana wanapozungumza Kiingereza wanasema vilevile, "You're invited", wakiwa wameshika kijiko. Kila lugha ina mialiko ambayo kazi yake ni kusalimia tu. Shida ni kwamba tunaijua ya kwetu na hatuijui ya wengine.

Kipimo ni chepesi: tafuta siku na saa. Mwaliko usio na siku wala saa ni salamu, na jibu lake ni "That would be nice", kisha kila mtu anaenda zake. Ukiwa kweli unataka kuonana na mtu huyo, ni wewe utakayeweka siku: "I'd like that. Are you free next Saturday?" Akijibu kwa siku, umepata mwaliko. Akijibu "Let me check and get back to you" kisha akanyamaza, umepata jibu pia.

Jambo la mfuko. Kwa Kifaransa chetu, mtu akikuambia "je t'invite", unaweza kutoka nyumbani bila franka moja, kwa sababu anayealika ndiye anayelipa. "Let's go out for lunch" haibebi ahadi hiyo. Kule Marekani hata siku ya kuzaliwa ikifanyiwa kwenye restora, mara nyingi kila mgeni anajilipia sahani yake, na wengine wanachanga sehemu ya yule anayesherehekewa. Anayetaka kulipa anasema wazi: "It's on me", ama "My treat". Kama hukusikia moja kati ya hayo, beba pesa. Na ukisikia neno "potluck", ujue kwamba kila mtu anakuja na chakula chake kwa ajili ya wote. Kufika mikono mitupu kwenye feti ya namna hiyo kunaonekana sana. Ukiwa na mashaka uliza: "Can I bring anything?" Watakujibu "Just yourself", yaani njoo wewe tu. Hata hivyo chupa ya maji ya matunda haijawahi kumchukiza mtu.

Kadi nayo ina sheria zake. Kwetu kadi moja ya ndoa iliyoandikwa "Famille" inaweza kuingiza watu saba na mtoto mgongoni. Kwao, majina yaliyo kwenye bahasha ndiyo viti vilivyopangwa. Kukiwa na "plus one" unaweza kuleta mtu mmoja. Vinginevyo unauliza mapema: "Is it all right if I bring my husband?" ama "Are children welcome?" Hakuna aibu katika kuuliza. Aibu iko mlangoni.

Mitego ya Kifaransa

Mtu aliyesoma kwa Kifaransa anafika kwenye Kiingereza akiwa na mzigo wa maneno yanayofanana sura na kutofautiana roho. Katika mambo ya mialiko mitego hiyo ni mingi kuliko mahali pengine.

Ndogo kuliko yote ni "merci". Mezani, Mfaransa akikupatia chakula nawe ukajibu "merci" peke yake, kwa kawaida ataelewa kwamba hutaki. Kwa Kiingereza, "Thank you" peke yake inaelekea kwenye kukubali. Kwa hiyo wakikuuliza kama unataka, jibu kwa maneno mawili yasiyo na mashaka: "Yes, please" ama "No, thank you". Watoto wao hufundishwa hayo mawili wakiwa wadogo sana.

"I will assist to your wedding." Aliyesema hivyo alitaka kusema atahudhuria. Waliomsikia wanafikiri atasaidia kazi, labda kupika. Neno la kuhudhuria ni "attend", na kwa urafiki unasema tu "I'll be there".

"Eventually I will come." Huyu anafikiria "éventuellement" ya Kifaransa, yaani labda nitakuja. Lakini "eventually" ya Kiingereza maana yake ni kwamba mwishoni utakuja kweli, hata kama utachelewa. Umetaka kuacha mlango wazi, kumbe umetoa ahadi, na wao watakungoja mpaka usiku. Kwa labda, sema "I might come, can I let you know on Thursday?", kisha siku ya ine uwajulishe kweli.

"I demand you to come." Katika Kifaransa "demander" ni kuomba. Katika Kiingereza "demand" ni kudai kwa nguvu, kama askari kwenye barrière.

Halafu iko "propose". Kijana anataka kumwambia dada wa biro, je te propose un verre, na anatafsiri hivihivi: "I want to propose to you." Kwa Kiingereza ameomba ndoa. Ndugu yake ni "date": rendez-vous na daktari ni "appointment", kukutana na mtu wa kazi ni "meeting", lakini "a date" kati ya mwanaume na mwanamke ni mambo ya mapenzi. Usimwandikie mkubwa wa shirika kwamba unaomba "a date" naye siku ya tano.

Kifaransa kinatupatia zawadi moja pia. Herufi R.S.V.P. zinazowasumbua Waingereza wengi ni maneno yetu ya shule, "répondez s'il vous plaît". Wanataka jibu, liwe ndiyo ama hapana, kabla ya tarehe iliyoandikwa. Ikiandikwa "Regrets only", jibu linatakiwa kwa wale tu ambao hawatakuja. Ukinyamaza hapo umekubali.

Namna ya kusema hapana

Kwetu kumkatalia mtu mbele ya macho yake ni kumvunja. Ndiyo maana tunasema "Nitakuya, Mungu akipenda", ama "Tutaona", na yule anayealika anatusoma usoni, anaelewa kwamba hatutakuja, na urafiki unabaki mzima. Ni ufundi mkubwa, na mimi siudharau. Lakini unahitaji watu wawili wanaoujua. Anayesoma "Yes, I will come, God willing" kwenye simu yake haoni uso wako. Anaongeza kiti.

Kukataa kwao kuna ngazi: kushukuru, kuonyesha kwamba ungependa, kutoa sababu fupi, na kutaja siku nyingine. "Thank you so much for inviting me. I'd love to come, but I'm working on Saturday. Maybe another time?" Anayesikiliza naye awe macho. Wengi wetu tunasikia "I'd love to", tunafurahi, na tunaacha kusikiliza kabla ya "but" kufika. Ukisikia "I'd love to", ngoja kwanza.

Sababu iwe fupi kweli. Sisi tunafikiri hapana bila hadithi ndefu ni dharau, basi tunaleta malaria ya mtoto, kilio cha mjomba, mvua iliyobomoa barabara. Huko hadithi ndefu inaleta mashaka, na mjomba huyo akipiga picha siku ileile na kuiweka kwenye intaneti, umeharibu zaidi. "I already have plans" inatosha. Ni sawasawa na "Niko na programu" ya Goma na Bukavu, na hakuna mtu mwenye adabu atakayeuliza ni programu gani. Ukiwa ulikubali kisha mambo yakageuka, andika mara moja: "I'm so sorry, something's come up and I can't make it tonight." Hata saa moja kabla ni afazali kuliko kunyamaza.

Mmarekani anaweza kukujibu "Can I take a rain check?" Usitafute mvua wala cheki ya banki. Neno hilo lilitoka kwenye michezo ya baseball ya karne ya 19: mvua ikikatiza mchezo, mtazamaji alipewa kikaratasi cha kurudi siku nyingine. Anasema tu kwamba safari hii haiwezekani, umwalike tena.

Kwenye meza mambo yanageuka. Kwetu mgeni anakataa mara ya kwanza, mwenye nyumba anamsukuma, anakataa tena kidogo, kisha sahani inajaa. Mganda na Mkenya watakusukuma vilevile. Lakini Mwingereza ama Mmarekani akisikia "No, thank you" anaamini, anapeleka sufuria jikoni, na wewe unarudi nyumbani na njaa yako ya heshima.

Mikutano ya kazi ni nyepesi zaidi. Mwaliko unaotumwa kwenye kompyuta una vibonyezo vitatu: "Accept", "Tentative" na "Decline". Kubonyeza cha tatu si kumtukana shefu, mradi uongeze mstari mmoja: "I have another meeting at that time, could you share the notes?" Angalia tu saa. Goma na Bukavu ziko saa moja nyuma ya Kampala na Nairobi, kwa hiyo mkutano wa saa ine asubuhi wa Nairobi kwetu unaanza saa tatu. Wako watu wanaoonekana wavivu kila juma kwa sababu ya hesabu hiyo.

Kuna mwaliko mmoja ambao ngazi zote nilizotaja hazifai kwake. Shefu anamwandikia mfanyakazi mwanamke saa tatu usiku: "Would you like to have a drink with me at my hotel?" Sarufi ni safi kabisa. Akijibu kama tulivyofundishana, "I'd love to, but my child is sick tonight", amempa mtu huyo vitu viwili: kwamba angependa, na kwamba kizuizi ni mtoto. Kesho swali litakuwa kama mtoto amepona. Hapa unakata "I'd love to", unakata sababu, unakata "another time". Inabaki: "Thank you, but no." Akirudia: "I don't meet colleagues outside work. Please don't ask me again." Ni maneno makavu, na kwa Kiingereza hayana dharau. Yakiwa yameandikwa kwenye simu, tena yana tarehe na saa, yanaweza kuonyeshwa mahali panapohitajika.

Sisi wa mashariki hatuwezi kuliona hili kama jambo dogo. Tume huru iliyochunguza yaliyotendeka wakati wa kupambana na Ebola katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, kati ya 2018 na 2020, ilitoa ripoti yake mwezi wa tisa 2021. Ilitaja washukiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na OMS. Wanawake wengi walieleza kwamba waliahidiwa kazi kama watakubali kulala na wakubwa. Hakuna sentensi ya Kiingereza ambayo ingewaokoa, na kosa halikuwa lao. Sheria ya Umoja wa Mataifa inayokataza kabisa kubadilisha kazi, pesa ama msaada kwa ngono iko tangu 2003, na inawahusu pia wanaoalika kwa maneno matamu. Mwenye kusema hapana anastahili kujua kwamba sheria hiyo iko upande wake.

Tumalizie na upande wa pili, maana haifai kungoja kualikwa siku zote. Kualika jirani wa Kampala ama wa Louisville si kazi ngumu: "We're cooking Congolese food on Sunday. Would you like to come and eat with us? Bring the kids." Ongeza swali moja ambalo kwetu halizoeleki, "Is there anything you don't eat?", kwa sababu kuna asiyekula nyama na kuna anayefungwa koo na karanga, na heri ujue kabla ya kupika sombe. Saa uiandike kwa namba yao: saa nane ya mchana kwao ni 2 pm, na ukiandika 8 watakuja na pijama za watoto. Kisha fikiri vizuri kabla ya kutuma, kwa sababu ukiandika 2 pm, saa nane kamili watakuwa mlangoni na maua mkononi, na wewe bado unatwanga.